Mkono wa Mzee Ibiwari na Kiboko Anayetazama Mbingu

Wasifu wa marehemu Mzee Ibiwari Soberekon, 1939–2025. Umesomwa na binti yake, Sodienye, nyumbani Adokiama, Jumamosi tarehe 22 Februari 2025.

Wazee wetu, wachungaji, ndugu wa Ekine, chama chetu cha michezo ya vinyago, jamaa mliotoka Buguma, Abonnema na Port Harcourt, na ninyi watani wetu ambao tangu asubuhi mnapiga kelele nyuma ya hema: poleni na safari, na karibuni. Mama ameniagiza nisilie mpaka nimalize kusoma. Amesema, "Ukianza na kilio, watu hawatasikia habari ya kiboko." Basi nitajikaza, maana Baba yetu katika maisha yake alitaka jambo moja kuliko mengine yote. Alitaka siku moja anyooshe mkono katika uwanja huu, na ngoma isinyamaze. Naomba mnisikilize niwaeleze alivyolipata.

Marehemu Baba alizaliwa Jumatano tarehe 9 Agosti 1939, hapa hapa Adokiama, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Soberekon, mfanyabiashara wa chumvi na samaki wakavu, na Bibi Orupa. Bibi alikuwa akisema kwamba mtoto yule alichelewa kutembea lakini aliwahi kupanda. Alipanda meza, alipanda mashua zilizoinuliwa nchi kavu, na mwaka 1946, ilipofika zamu ya kiboko kucheza uwanjani, alipanda paa la kanisa.

Wote mliokulia hapa mnajua kwamba kichwa cha kiboko hakitazami watu. Ni kinyago kilichochongwa kwa gogo moja: mdomo mpana wa mraba, meno manne yaliyotokeza, macho ya mviringo yaliyozungushiwa chokaa. Nacho hulazwa juu ya utosi wa mchezaji, uso ukielekea mbinguni. Sisi tunaosimama chini tunaona kidevu na vitambaa tu, na uso wenyewe wanauona ndege. Ibiwari, akiwa na umri wa miaka saba, aliona jambo hilo si haki. Akakwea juu ya mabati, akajilaza kifudifudi, na kiboko alipopita chini ya ukuta wa kanisa, macho yao yakakutana. Mtoto akapiga ukelele uliosikika mpaka gatini: "Ameniona! Ameniona!"

Katekista alimchapa kwa sababu ya paa, na baba yake akamchapa kwa sababu ya kiboko. Alipoulizwa kama amekoma, alijibu huku akifuta kamasi, "Nimekoma. Lakini ameniona." Tangu siku hiyo hakutaka kuwa mtu mwingine yeyote ila yule aliye chini ya kile kichwa.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1947, kisha akaendelea Buguma mpaka 1956. Hakuwa hodari wa hesabu. Katika jiografia alikuwa wa kwanza darasani kila mwaka, na mwalimu wake alimtunuku rula kwa kuchora ramani ya vijito vyetu bila kutazama kitabu. Nalitaja jambo hili kwa sababu watani wetu wamenitishia kwamba nikiliruka watalitaja wao.

Mwaka 1958 aliajiriwa na kampuni ya feri kama mfunga kamba, na kufikia 1961 alikuwa ameshika usukani. Kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka alipostaafu 1994, aliwapeleka watu wa mitoni sokoni, hospitalini, harusini na maziko kama haya. Alipita vijito ambavyo mikoko imekutana juu yake na hakuna alama yoyote, na hakukwama hata mara moja. Abiria walikuwa wakisema kwamba Ibiwari anaweza kusinzia na feri ikafika. Alikuwa akikasirika kidogo, anasema, "Mimi sisinzii. Nafumba macho ili nione vizuri."

Sasa tufike mwaka 1963. Wenyeji hawahitaji kuelezwa, lakini tuna wageni. Kwetu kila mchezo una zamu yake, na kutoka zamu moja ya kiboko hadi nyingine mtoto anazaliwa, anakua na kuoa. Siku ya kiboko ikifika, mchezaji hucheza, halafu ngoma huanza kuita nyumba za waasisi wa mji kwa lugha yake, bila neno la mdomo. Kila nyumba ikiitwa, mchezaji aliyefunikwa uso hunyoosha mkono kuielekea. Akipatia, ngoma inaendelea. Akikosea, ngoma inanyamaza. Mwanamume aliyenyamazisha ngoma hukumbukwa hata na wajukuu wa jirani.

Jumamosi tarehe 5 Januari 1963, Baba alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na chama kilimchagua yeye avae kichwa. Hebu fikirini furaha yake! Alikesha akikitazama uso kwa uso, kile alichokiona mara moja tu kutoka juu ya paa. Alipotokeza uwanjani alicheza mpaka wazee wakasimama kwenye viti. Mpigangoma mkuu alikuwa Mzee Daketima, mtu ambaye hakucheka hata na watoto wake. Akaita nyumba ya kwanza, mkono ukaenda sawasawa. Akaita ya pili, sawasawa. Kisha akaita nyumba ya Ikiba, ambayo iko kusini, karibu na gati, na hata mbuzi wa hapa wanaijua.

Mkono wa Baba, mbele ya mji mzima, ukanyooka kaskazini.

Huko kaskazini kulikuwa na nyumba ya Mzee Daketima mwenyewe. Mbele ya nyumba palikuwa na benchi, na juu ya benchi alikuwa amesimama binti yake, Ibelema, mwenye kilemba cha manjano, aliyepanda ili aone vizuri. Ngoma ikanyamaza. Mtu mmoja akapaza sauti, "Jamani, kiboko amepotea njia!" Na akina mama waliokuwa upande wa kisima wakajibu kwa pamoja, "Hajapotea, amefika!"

Baba alituambia mara nyingi, "Ngoma niliisikia vizuri kabisa. Mkono ndio haukusikia." Kicheko kile kilisikika ng'ambo ya mto. Lakini Baba hakucheka. Alivuliwa kichwa ndani ya nyumba ya chama, akaambiwa kwamba hatakivaa tena mpaka mpigangoma mkuu atakaporidhika. Aliketi pale chini akilia kama mtu aliyefiwa. Mwenzake aliyekuwa naye alisema Baba hakutaja aibu yake hata kidogo. Alisema tu, "Hataniona tena."

Na kwenye feri, mnafikiri walimwacha? Wapi! Kila asubuhi abiria walipanda na swali lile lile.

"Nahodha, Buguma iko upande gani leo?"

"Muulizeni binti wa Daketima!"

"Jamani msimsumbue, asije akatuteremsha sote mlangoni kwa mkwewe!"

Alivumilia miaka miwili. Kisha akakusanya wajomba, gongo na kitambaa, akaenda kwa Mzee Daketima. Mazungumzo yale tumeyasikia mara nyingi kutoka kwa Mama, ambaye anasema alikuwa anafagia nyuma ya dirisha.

"Wewe ndiye uliyeninyamazishia ngoma?"

"Ndiyo, Baba."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Na leo umekuja kutaka nini?"

"Nimekuja kumwomba Ibelema. Na kiboko, kama inawezekana."

Mzee Daketima aligeuzageuza kitambaa kile mpaka wajomba wakaanza kutafuta viatu vyao. Halafu akasema, "Mke nakupa, maana tangu siku ile amenipikia chakula kibichi kwa hasira. Kiboko, hapana." Walifunga ndoa hapa kanisani Jumamosi tarehe 24 Aprili 1965. Mungu aliwajalia watoto watatu: Tubonemi, mimi Sodienye, na Boma.

Vita vilipofika mitoni mwaka 1968, Adokiama ilihama kwa siku moja. Kila mtu alibeba alichoweza. Mama alikuwa na Tubonemi mgongoni na sufuria kichwani, amekwisha ingia mtumbwini, ndipo Baba aliporuka na kurudi mbio mjini. Alirudi amekumbatia godoro lao la pekee, limeviringishwa, na ndani yake kitu kizito. Walinzi wa vichwa walikuwa wamekimbia. Kiboko alikuwa ameachwa peke yake ukutani.

Kwenye kizuizi cha kwanza askari aliwasimamisha.

"Humo ndani kuna nini?"

"Kiboko," Baba akajibu.

"Amekufa?"

"Hapana. Amelala."

Askari akafunua godoro kwa ncha ya bunduki, akakutana na meno manne na jicho jeupe. Akaruka nyuma mpaka akakanyaga mwenzake. "Piteni! Piteni na mnyama wenu!" Mama anasema hiyo ndiyo siku aliyotambua kwamba ameolewa na mwendawazimu na kwamba hataki mwingine. Walilala chini, bila godoro, miezi mingi, na kiboko ndiye aliyelala juu ya godoro. Mama akilalamika, Baba alimwambia, "Wewe unaweza kulala popote. Yeye akiingiwa na dudu, hatuna mwingine."

Waliporudi mwaka 1970, nusu ya mji ilikuwa majani. Baba alikipeleka kichwa kwa wazee kikiwa kizima, hakina hata mkwaruzo. Watu walishangilia, na wengine walisema sasa basi, asamehewe. Mzee Daketima alikipokea kwa mikono miwili, akakipapasa kidevu, akafuta machozi mbele ya watu, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Halafu akamwambia mkwewe, "Asante kwa kumbeba. Kumbeba si kumcheza."

Na hapo ndipo tunapofika kwenye aya ambayo nawaomba wazee wa Ekine mtazame mtoni kidogo. Tazameni mikoko, tazameni ndege. Nikimaliza nitawaambia.

Lugha ya ngoma, kwa kawaida ya kwetu, ni ya wanaume wa chama. Mwanamke hafundishwi. Na Mama yetu, Ibelema, hakufundishwa na mtu. Ila ukuta wa chumba alicholala akiwa msichana ulikuwa ndio ukuta wa chumba ambamo Mzee Daketima alifanyia mazoezi. Mama husema, "Sikusikiliza. Nilisikia tu." Siku moja, baada ya vita, alimkuta Baba amekaa jikoni, anapiga meza kwa vidole, anajiitia nyumba za waasisi na kuchanganya zote. Mama akavumilia kwa muda wa kumenya kiazi kikuu kimoja. Kisha akachukua mwiko, akageuza kinu, akapiga mwito wa nyumba ya Ikiba, safi kabisa, kama ulivyotoka uwanjani mwaka 1963.

Baba akageuka. "Ibelema! Umejua tangu lini?"

"Kujua nini? Mimi nasonga viazi vikuu vya onunu. Nyoosha mkono, mume wangu, chakula kinapoa."

Basi hivyo ndivyo tulivyokua! Kila jioni Baba aliketi kwenye kigoda, beseni utosini badala ya kiboko, taulo usoni, na Mama akapiga kinu kwa mwiko. Akipatia, anapakuliwa. Akikosea, mwiko unanyamaza, na sote tunangoja na njaa zetu. "Hapo ni chooni," Mama anasema. "Umewaelekeza waasisi wa mji chooni. Anza tena." Mimi na ndugu zangu tulidhani kila familia hula hivyo. Siku moja nilialikwa kwa jirani, chakula kikaletwa, baba wa nyumba akanawa na kuanza kula. Nikamuuliza rafiki yangu kwa mshangao, "Mbona baba yako hajanyoosha mkono? Amepewaje chakula?" Nilipigwa kofi nyumbani kwa swali lile, na nikaambiwa kwamba ya jikoni yabaki jikoni.

Wazee wa Ekine, asanteni. Mnaweza kugeuka.

Zamu ya kiboko, iliyocheleweshwa na vita na umaskini, ilirudi Jumamosi tarehe 3 Januari 1987. Baba alikuwa na miaka arobaini na saba, tumbo limeanza kutangulia. Alikwenda kwa wazee akaomba avae. Vijana walicheka. Mzee Daketima, ambaye kwa uzee alikuwa amekwisha mwachia ngoma mwanawe, Mjomba wetu Omubo, akasema, "Mwacheni avae. Lakini siku hiyo ngoma nitapiga mimi mwenyewe." Mji mzima ukashika kichwa. Mzee alikuwa anabebwa kwenda kanisani, lakini kwa ajili ya mkwewe alikuwa tayari kusimama.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nakumbuka Mama alivyonishika mkono mpaka vidole vikaniuma. Kiboko akatoka! Sijawahi kuona kitu kama kile. Vitambaa vinaruka, njuga miguuni zinalia, na kile kichwa kizito kimetulia juu, kinatazama mawingu. Ngoma ikaanza kuita. Nyumba ya kwanza, mkono. Ya pili, mkono. Ikaita nyumba ya Ikiba, na watu wote wakageuza shingo kutazama kaskazini, wakitania. Mkono ukaenda kusini, umenyooka, hautetemeki. Uwanja ukalipuka!

Mzee Daketima hakukoma hapo. Aliita zote, akamaliza zote, na mkono wa Baba ukazifuata zote. Watu walikuwa wameanza kukimbilia kumkumbatia, ndipo ngoma ikaita tena, mwito ambao vijana hawakuujua na wazee walikuwa wamekwisha usahau. Ilikuwa nyumba ya Sekibo. Nyumba hiyo haipo. Mto uliimega zamani, ukuta kwa ukuta, kabla mimi sijazaliwa, na wenyewe walihamia kwingine. Nikamsikia Mjomba Omubo akisema, "Baba, hiyo haipo!" Mzee akarudia mwito ule ule.

Kiboko alisimama tuli. Kisha Baba akageuka taratibu, akaupa mji mzima kisogo, akanyoosha mkono majini. Aliunyoosha pale pale, mbele ya nguzo ya pili ya gati, chini ya maji, mahali ilipokuwa nyumba ya Sekibo.

Ngoma haikunyamaza. Mzee Daketima aliipiga mpaka fimbo moja ikavunjika.

Alipovuliwa kichwa, Baba alipiga magoti mbele ya mkwewe, jasho na machozi vimechanganyika. Mzee akainama, akamwuliza kwa sauti ambayo sisi tuliokuwa karibu tuliisikia, kwa sababu alikuwa haisikii vizuri sauti yake mwenyewe:

"Mwito wa Sekibo sijaupiga uwanjani tangu nioe. Nimeupiga chumbani kwangu tu. Nani kakufundisha?"

"Mto, Baba."

"Mto." Mzee akamtazama binti yake. Mama alikuwa anatazama mbingu kama kiboko. "Huo mto unajua kupika?"

"Vizuri sana, Baba."

Ndipo Mzee Daketima akacheka. Alicheka mpaka wakamletea kiti. Akakichukua kichwa cha kiboko, akamkabidhi Baba akitunze mpaka mwisho wa maisha yake, na Baba akafanya hivyo. Alikipaka mafuta, alikifukizia moshi, alizibua matundu ya dudu kwa sindano ya Mama ya kushonea, na kila asubuhi alikisalimu kabla ya kutusalimu sisi. Zamu iliyofuata, mwaka 2005, kaka yetu Tubonemi ndiye aliyevaa. Hakukosea. Naye, nadhani sasa mnajua, alikula chakula cha jiko lile lile.

Mwezi Machi 2023 Baba alipatwa na kiharusi kilichoulemaza upande wake wa kulia. Mkono ule, ule ule, ukalala. Tulimpeleka hospitali moja ya Port Harcourt, ambako walimtunza vizuri na tunawashukuru. Siku ya tatu daktari kijana alikuja kumpima akili. "Mzee, nyoosha kidole kwenye pua yako." Baba akafikiri. Kisha akainua mkono wa kushoto, polepole, akamnyooshea Mama. Daktari akasikitika, akajaribu tena. Baba akamnyooshea Mama tena. Mama akamshika daktari bega, akamwambia, "Usiandike kwamba amepotewa na akili, mwanangu. Huyu yuko hivyo tangu mwaka 1963."

Tulimrudisha nyumbani kama alivyotaka. Alizungumza kwa shida lakini alieleweka, na mwisho wa mwaka jana alimwita Tubonemi. Alikuwa amesikia kwamba wazee wanataka nyumba yake iingizwe kwenye miito, iitwe pamoja na za waasisi, kwa sababu alimwokoa kiboko vitani. Alifurahi mpaka tukaogopa. Kisha akasema, "Ngoma ikiniita, usinyooshe mkono kaburini. Mimi sitakuwa huko. Nyoosha jikoni kwa mama yako."

Alifariki Jumanne tarehe 14 Januari 2025, asubuhi, kitandani kwake, kiboko ukutani mbele yake na harufu ya onunu ikitoka jikoni. Mama alikuwa anaponda. Anasema aliacha kuponda kidogo kusikiliza, na hakusikia kitu, na akajua.

Wazee walikaa kuzungumzia ombi lake. Chifu Batubo, mtani wetu mkubwa, alipinga kwa nguvu zake zote. "Mkono wa kiboko haujawahi kunyooshewa sufuria! Na isitoshe, hilo ni kosa lake lile lile la mwaka 1963!" Mjomba Omubo, ambaye ndiye mpigangoma mkuu na ndiye mwenye neno la mwisho, alisikiliza sana, halafu akauliza, "Kosa gani hilo, Batubo, ambalo mtu analirudia miaka sitini kwa mwanamke mmoja?" Lakini hakutoa jibu, na kikao kikavunjika.

Marehemu Baba ameacha mjane, Mama Ibelema; watoto watatu, Tubonemi, Sodienye na Boma; wakwe, wajukuu tisa, vitukuu wawili; shemeji yake Omubo; abiria wengi ambao hawakuwahi kupotea; na kiboko mmoja.

Karatasi mlizo nazo mkononi zinaishia hapo. Haya yanayofuata hayakuchapishwa, kwa sababu yametokea jana, na ndiyo yaliyonifanya nisilie mpaka sasa.

Jana mchana Mjomba Omubo alikuja akasimama mlangoni pa jiko. Mama hakugeuka.

"Omubo, kama unataka chakula, ngoja kama wengine."

"Sitaki chakula, dada. Nataka mwiko."

"Mwiko gani?"

"Unaujua."

Mama akaacha kukoroga. "Na wewe nani kakwambia habari za mwiko?"

"Mimi nililala chumba kimoja na wewe, dada. Ukuta wako ulikuwa ukuta wangu. Usiku ulikuwa unapiga kitanda kwa vidole baada ya Baba kumaliza, na hukukosea hata siku moja. Baba alijua. Mimi nilijua. Lete mwiko."

Mama aliuosha, akaufuta kwa kanga yake, akamkabidhi. "Urudi mzima," akasema. "Nina wageni wa kulisha."

Basi, ndugu zangu, baada ya maziko kiboko atatoka. Miito yote itapigwa kwa fimbo za ngoma, kama kawaida yetu. Mmoja wa mwisho utapigwa kwa mwiko. Tubonemi atanyoosha mkono jikoni, na ngoma haitanyamaza. Wakati huo naomba msimtazame kiboko. Yeye ana mbingu yake ya kutazama. Geukeni mtazame mlango wa jiko, maana Mama ameniomba nimtolee benchi. Nimemwambia, Mama, una miaka themanini. Ameniambia benchi ni lile lile.

Lala salama, Baba. Ukiitwa, uitike.